Nimehama idara ndani ya kampuni ileile ila idara ya zamani haijakubali kama nimehama

Mzigo Mpya (mleta mada)

Wakuu kwema? Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Iko hivi. Nimekaa miaka 7 kitengo cha malipo, kazi yetu ilikuwa kulipa wasambazaji na kila mwisho wa mwezi kuoanisha vitabu na taarifa ya benki. Miezi 4 iliyopita nikahamia manunuzi, upande wa mipango. Kampuni ileile, jengo lilelile, nimepanda ghorofa moja tu. Na hapo ndo shida ilipo, maana ningehama kampuni kabisa wangeniaga, ningerudisha laptopu na kitambulisho, biashara imeisha. Mimi nimeaga watu jioni halafu asubuhi yake niko nao kwenye lifti.

Wiki za mwanzo niliona kawaida. "Kaka lile faili la wadai uliliweka wapi", "kaka yule msambazaji wa vipuri tulikuwa tunamlipa siku 30 au 60". Nikawa najibu fasta, tena kwa raha zangu. Mwezi wa pili ikawa "kaka naomba dakika mbili". Wakuu, duniani hakuna kitu kinaitwa dakika mbili. Mwezi wa tatu kuna watu wakaanza kunitumia kazi bila hata salamu, yaani unafungua meseji unakuta invoisi imepigwa picha na chini yake "hii vipi?"

Kilichonileta huku ni mwisho wa mwezi uliopita. Saa 3 usiku simu inaita, ni dogo aliyerithi kiti changu, kijana mzuri tu sina ugomvi naye. Faili la kuoanisha limegoma, salio la wasambazaji wote linasoma sifuri na kesho asubuhi ripoti inatakiwa. Akanitumia picha ya skrini ameipiga na simu, imekaa mshazari, mwanga wa taa umetua palepale penye namba. Nikakuza, nikakuza, mwisho nikaona kuna kolamu siifahamu, imeandikwa "Maoni". Kumbe aliona si vibaya awe na sehemu ya kuandika vitu vyake, akaichomeka katikati ya jedwali. Sasa ile fomula ya VLOOKUP, ile ya Excel inayotafuta jina kwenye jedwali na kuleta kilicho kwenye mstari wake, niliiandika mimi miaka hiyo, nimeiambia lete kolamu ya 4, na kolamu ya 4 siku hiyo haikuwa salio tena, ilikuwa Maoni, na Maoni ilikuwa tupu, basi inaleta sifuri mstari baada ya mstari bila hata kupiga kelele kwamba kuna kosa. Nimemwelekeza kwa simu mpaka saa 5 kasoro robo.

Asubuhi nina kikao na bosi mpya, mpango wa manunuzi wa robo mwaka. Nimeingia jedwali langu mwenyewe halijaisha. Nikaeleza ukweli kwamba usiku nilikuwa nasaidia malipo. Bosi akaniangalia akaniuliza, "Wewe ni wa kwetu au wa kwao?" Hakufoka. Afadhali angefoka.

Sasa hawa watu wengi ni marafiki zangu kabisa, tumefichiana makosa, tumelala ofisini pamoja wakati wa ukaguzi. Sitaki kesho niambiwe amepanda ghorofa moja tu kichwa kimefika paa. Nifanyeje?

kobe_wa_ofisi

Blok wote. Uzi ufungwe.

Mzigo Mpya

Mkuu tunapanda lifti moja.

Bi Ratiba

Mdogo wangu pole. Nimehama vitengo mara 3 kwenye kampuni moja, mara ya kwanza nililia chooni kabisa, kwa hiyo sikuongelei vitu vya vitabuni.

Kosa lako si kusaidia, kosa ni kasi. Mtu anauliza saa 4 kamili wewe unajibu saa 4 na dakika moja, hapo umemfundisha kwamba kukuuliza wewe ni rahisi kuliko kufungua faili. Jibu jioni. Utashangaa maswali mangapi yanajijibu yenyewe kabla ya jioni, unafungua simu unakuta "usijali kaka nimeshapata". Hayo yote ungeyajibu wewe.

Halafu ukisaidia usiguse kibodi. Mimi aliyenirithi nilikuwa nakaa pembeni yake mikono nimeikalia. Ni mateso aisee, unamwona mtu anatafuta kitufe kiko mbele ya pua yake na wewe umeng'ata ulimi, lakini alichokifanya kwa mkono wake hajakiuliza tena mpaka leo.

Na la mwisho ambalo watu wengi wanaliruka, huo mpaka si wako peke yako kuuweka. Muda wako sasa hivi ni wa bosi mpya. Wewe ukimkatalia mtu wa malipo inaonekana una maringo, ila mabosi wawili wakikubaliana kwamba fulani anasaidia mpaka tarehe fulani basi, hiyo inakuwa utaratibu na hakuna wa kukununia. Nenda kwa bosi wako, ila usiende na malalamiko, nenda na hesabu. Maombi mangapi kwa wiki, yamekula masaa mangapi.

Mzigo Mpya

Dada nimekaa nimehesabu. Wiki 2 zilizopita simu na meseji 31. Hapo sijaweka za kwenye korido.

Masaa nimeshindwa kuhesabu maana kila moja ni "dakika mbili".

Msomaji wa Usiku

Hizo dakika mbili zina mkia mkuu. Kuna mtafiti anaitwa Sophie Leroy, mwaka 2009 aliandika kuhusu hii ishu, kwamba ukiacha kazi katikati ukarukia nyingine, akili haihami yote, kipande kinabaki kule ulikotoka na kazi mpya unaifanya na akili pungufu. Kwa hiyo simu ni ya dakika mbili ila mpango wako wa robo mwaka unaendelea kuufanya huku kichwani unawaza ile invoisi imelipwa au bado. Mweleze bosi hivyo.

Jicho la Ukaguzi

Mleta mada naomba kuuliza swali moja. Ruhusa yako ya kuingia kwenye mfumo wa malipo walishaifunga?

Mzigo Mpya

Hapana mkuu, bado ipo. Tena inasaidia, juzi dogo alikwama nikaingia mwenyewe kutoka huku juu nikamrekebishia.

Jicho la Ukaguzi

Nilijua tu.

Ndugu yangu wewe unaongelea usumbufu, mimi mkaguzi wa ndani naona kitu kingine kabisa. Manunuzi ndo wanaosema nani atuuzie. Malipo ndo wanaosema nani alipwe. Hizo ni funguo mbili na zimewekwa kwa watu wawili makusudi, kwa sababu mtu mmoja akiwa nazo zote anaweza kumtengeneza msambazaji hewa, akamwagizia mzigo hewa, akamlipa hela ya kweli. Sisemi wewe ni mwizi. Nasema siku hela ikipotea, jina lako litaonekana kwenye kumbukumbu za mfumo pande zote mbili, na hapo utaanza kueleza kwamba "nilikuwa namsaidia dogo". Nani atakuelewa?

Kuna kesi maarufu sana kwenye fani yetu. Jérôme Kerviel, benki ya Société Générale ya Ufaransa. Aliingia mwaka 2000, akaanzia zile ofisi za nyuma zinazohakiki na kusimamia miamala. 2005 akawa yule anayenunua na kuuza mwenyewe. Kuhama ndani ya benki ileile, kama wewe tu. Januari 2008 benki ikatangaza hasara ya euro bilioni 4.9 kwenye miamala yake, na mojawapo ya vilivyomsaidia kuificha muda wote huo ni kwamba alijua kule nyuma wanakagua nini na wanakagua vipi. Alitokea huko.

Kwa hiyo leo hii, usingoje kesho, andika imeili kwa watu wa mifumo, nakala kwa mabosi wote wawili, omba uondolewe. Na uzuri wake huo ndo utetezi bora kuliko wote utakaoupata. Ukisema "sina muda" watu wanabembeleza. Ukisema "sina ruhusa tena" hakuna wa kukubembeleza, mfumo haubembelezwi.

Bi Ratiba

Hapo Jicho umemaliza. Mimi hilo sikulifikiria hata kidogo.

Niliyebaki

Naomba niongee kwa niaba ya tuliobaki maana naona huku wote ni waliohama.

Mwenzetu alihama mwaka jana akaenda ofisi ya mipango. Nafasi yake haikujazwa miezi 5. Kazi zake wakaniongezea mimi, mshahara uleule. Makabidhiano alifanya Ijumaa mchana, tena huku anapokea pongezi, akasema "kila kitu kiko kwenye faili". Nimefungua faili kuna shiti 22, nyingine zimefichwa, kolamu zimeandikwa vifupisho anavyovijua yeye na Mungu wake. Nilipompigia mara ya tatu akaniambia jaribu kujitegemea. Nilikata simu nikakaa kimya dakika kumi nzima.

Mnaongea kama vile tunawapigia kwa kupenda. Mtu amekaa na kazi miaka 7 yote iko kichwani, hajaandika popote, na hakuandika kwa sababu ndo kulimfanya awe wa maana pale ofisini. Akipata pazuri anasema wananisumbua.

Mleta mada sema kweli hapa mbele za watu. Ripoti yako ya makabidhiano ilikuwa kurasa ngapi?

Mzigo Mpya

Dah.

Ukurasa mmoja na nusu. Na hiyo nusu ni orodha ya namba za simu.

kobe_wa_ofisi

Namba ya kwanza ya nani?

Mzigo Mpya

Yangu.

kobe_wa_ofisi

😂😂😂 Nimecheka mpaka bosi kageuka

Mzigo Mpya

Niliyebaki umenipiga penyewe na sina cha kujitetea. Hilo la kuwa wa maana ni kweli. Hata ile saa 3 usiku, simu ilipoita nilinuna, ila kuna kipande changu kilifurahi. Huku juu mimi ni mgeni, naulizia hadi fomu ya kuombea karatasi za printa. Kule chini mimi ndo nilikuwa najua kila kitu. Simu ikiita unajikuta umerudi kuwa yule mtu.

Fundi Shiti

Samahani wakuu natoka nje ya mada ila VLOOKUP na namba ya kolamu iliyoandikwa kwa mkono ni dhambi. Tumia XLOOKUP, unaionyesha kolamu yenyewe, mtu akichomeka nyingine katikati haihangaiki.

Bi Ratiba

Kwetu bado tuna Excel ya 2016, hiyo XLOOKUP haimo.

Fundi Shiti

Basi pale kwenye 4 weka MATCH itafute kichwa cha kolamu, "Salio", ikihamishwa yenyewe inaifuata. Kazi ya dakika mbili 😂

Mdomo Zipu

Kuna upande hamjaugusa. Kuna maombi ya kazi na kuna maombi ya umbea, na haya ya pili ndo yaliniua mimi.

Nilihama mauzo nikaenda bajeti. Wenzangu wa mauzo hawakuwa na maswali ya kazi kabisa, walikuwa wananiita tu tukae. Nikafurahi, nikasema hawa ndo ndugu. Tukikaa robo saa ya kwanza ni kumsema bosi wao, ambaye alikuwa bosi wangu, na mimi nachangia maana namjua. Robo saa ya pili inakuja taratibu, "eti huko kwenu ni kweli mnatukata hela ya safari?" Siku moja nikajibu. Sikutoa siri hata, nilisema tu "mambo bado yanaangaliwa". Jioni ileile bosi wangu mpya ananipigia, maneno yangu yamemfikia yameota miguu, eti mimi nimethibitisha kwamba safari zimefutwa. Niliambiwa na mdomo wake kwamba kuanzia leo vikao fulani sitaingia. Ilichukua karibu mwaka kurudishwa.

Kwa hiyo mimi sentensi yangu siku hizi ni moja, "hilo muulizeni bosi wenu aulize rasmi", naisema huku nacheka, nabadilisha stori. Na bosi wa zamani simsemi tena hata kama nina la kusema. Mara ya kwanza wanakuona umejifanya. Mara ya nne hawaulizi.

Mzigo Mpya

Asante Mdomo Zipu, hilo bado halijanikuta ila naliona linakuja, wameshaanza kuuliza bei za wazabuni.

Wakuu nimeandika meseji ya kuwatumia kwenye grupu, naomba muipitie kabla sijaituma:

"Ndugu zangu wapendwa poleni na majukumu. Samahanini sana kwa usumbufu na naomba msinielewe vibaya, nyie ni familia yangu na mtabaki kuwa hivyo. Ila kutokana na majukumu kunizidi huku nilipo, naomba kama itawezekana tupunguze kidogo maswali ya kazi. Ila kama ni dharura msisite kunipigia muda wowote. Niko pamoja nanyi daima."

Niliyebaki

Umetuambia tusikupigie halafu tukupigie muda wowote. Na kwa mtu wa malipo tarehe 30 kila kitu ni dharura.

Bi Ratiba

Mdogo wangu hiyo ni meseji ya mtu anayeomba radhi kwa kupata kazi. Toa samahani, toa familia, toa "kama itawezekana". Weka tarehe, weka nani aulizwe, weka ni nini unawapa. Kitu kama hiki:

"Habari za kazi wote. Kuanzia tarehe 15 maswali yote ya malipo yaende kwa kiongozi wa kitengo, tumeshakubaliana na mabosi wote wawili. Naandika maelekezo ya kazi zangu za zamani, yatakuwa kwenye folda ya kitengo kabla ya tarehe hiyo. Alhamisi mbili zijazo, saa 9 hadi saa 10 mchana, nitashuka tukae na faili pamoja, njooni na maswali yenu yote."

Ila usiitume kabla mabosi hawajakubaliana kweli. Ukiituma kabla itakurudia usoni.

Niliyebaki

Hiyo mimi ningeipokea bila kununa. Hapo kwenye Alhamisi hasa. Mwenzetu angetupa hata Alhamisi moja.

Mzigo Mpya (mrejesho, wiki 3 baadaye)

Nimerudi wakuu, mlioomba mrejesho huu hapa.

Bosi mpya nilimpelekea zile 31 kwenye karatasi. Akasoma akacheka, akanyanyua simu palepale akampigia bosi wa malipo, wameongea labda dakika 4, yaani kitu nimekibeba miezi 4 kimeisha kwa dakika 4. Ruhusa ya mfumo nimefungiwa siku ya pili yake, Jicho pokea maua yako, mtu wa mifumo aliniambia ilitakiwa ifungwe siku ileile nimehama ila hakuna aliyemwambia.

Meseji nikatuma kama ilivyo. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili mmoja akajibu "sawa bosi". Mimi hajawahi kuniita bosi maishani. Iliuma, siwadanganyi. Nikaandika majibu mara tatu nikafuta mara tatu, mwisho nikaacha.

Maelekezo yamefika kurasa 14. Nilipokuwa nayaandika ndo nimegundua kuna vitu nilikuwa nafanya miaka yote bila kujua kwa nini, kuna hatua moja ya kunakili namba kutoka shiti moja kwenda nyingine nimeifanya kila mwezi kwa miaka 7 na haina kazi yoyote. Nimeitoa. Sijamwambia mtu isipokuwa nyie.

Alhamisi ya kwanza walikuja watu 5, mikono niliikalia kama dada alivyosema. Ya pili alikuja dogo peke yake, akaniambia fomula amesharekebisha mwenyewe kwa MATCH. Fundi Shiti sijui kama ni wewe umejificha ofisini kwetu.

Fundi Shiti

Siwezi kuthibitisha wala kukanusha.

Mzigo Mpya (mrejesho wa mwisho)

Jana ilikuwa mwisho wa mwezi.

Saa 1 usiku simu kimya. Saa 2 kimya. Saa 3 nimeishika mkononi naiangalia, nikaangalia hadi kama intaneti ipo. Ipo. Nikasema labda wamekwama wanaogopa kunipigia, nikaona uungwana nimuulize. Nikamwandikia dogo, "vipi mnaendeleaje na kufunga mwezi?"

Akajibu baada ya robo saa. "Tulifunga saa 11 jioni kaka, niko nyumbani. Kuna tatizo?"

Wakuu enzi zangu hatukuwahi kufunga kabla ya saa 2 usiku. Hata mara moja.

Niliyebaki

Kwa hiyo sasa hivi ni wewe unayewasumbua usiku.

Mzigo Mpya

Nimeliona hilo. Leo asubuhi nimejitoa kwenye grupu la kufunga mwezi, lile la stori nimebaki. Yule wa "sawa bosi" nimekutana naye kwenye lifti, tumeongelea mpira mpaka ghorofa yake ikapita.

Bi Ratiba

Na ile kolamu ya Maoni iliishia wapi? Aliitoa?

Mzigo Mpya

Ipo dada, ameihamishia mwisho kabisa kulia. Ile Alhamisi ya pili nilichungulia, msambazaji wa vipuri kaandikiwa "siku 60, usimuulize kaka".